Na mama yake alikuwa wapi?

Masika yameshika na wageni hakuna. Kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Bagamoyo: Ngome Kongwe, Karavanserai, Boma la Wadachi, misheni, makaburi ya Wadachi, na mwenye miguu mizuri namfikisha mpaka Kaole. Mvua ikinyesha wiki nzima hakuna wa kumtembeza, basi alfajiri naenda kukaa kibarazani kwa dada yangu. Yeye hupika vitumbua vya kuuza soko la samaki. Mimi napepea mkaa, nakula vilivyoungua upande mmoja, na mwaka huu nimekuwa nikimsimulia tamthilia za Wajerumani wa karne ya kumi na nane.

Cheka tu. Hata yeye alicheka.

Kijerumani nilikiokota njiani. Kwanza salamu na bei, halafu tarehe za majengo, halafu nikajilipia darasa Dar es Salaam miezi minane, naondoka na basi la alfajiri narudi na la usiku. Kisha mgeni mmoja, mwalimu mstaafu, siku ya kuondoka akaniachia vitabu sita vyembamba vya jalada la njano, vile vinavyoingia mfuko wa shati. Alisema mizigo imezidi uzito. Nikadhani ni vitabu vya dini. Vinne vilikuwa vya Gotthold Ephraim Lessing, viwili vya Friedrich Schiller. Vingine nimevipata baadaye kwenye simu, maana wenyewe wamekufa zamani na maandishi yao hayana mwenyewe wa kudai.

Rafiki yangu mmoja, mwongozaji mwenzangu, aliponiona navyo aliniuliza swali zuri. Wewe mchana unawaonyesha watu mahali Mdachi alipokuwa akinyonga watu, unawahadithia Abushiri alivyonyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, kisha usiku unalala na hadithi zake za mapenzi? Sikuwa na jibu siku hiyo. Ninalo sasa, ingawa ni jibu la kando. Lessing alikufa 1781, zaidi ya miaka mia moja kabla Boma letu halijajengwa. Wakati wake hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na vijinchi zaidi ya 300, kila kimoja na bwana wake, kasri lake, farasi wake na wapambe wake. Mwandishi alikuwa raia wa bwana fulani. Alikula kwa hisani ya bwana huyo na aliweza kufungwa kwa amri yake. Schiller mwenyewe alikuwa daktari wa jeshi la bwana wa Württemberg; alipotoka bila ruhusa kwenda Mannheim kutazama mchezo wake, akatiwa ndani siku 14, kisha akakatazwa kuandika michezo. Mwaka 1782 akatoroka usiku na rafiki yake mpiga muziki. Kwa hiyo hao ninaowasoma wanajua habari ya kuishi chini ya mtu ambaye huwezi kumgusa. Hapo ndipo tunapokutana mimi na wao.

Kitabu cha kwanza nilichokimaliza ni Emilia Galotti, mchezo ulioonyeshwa mara ya kwanza mjini Braunschweig tarehe 13 Machi 1772. Nilimsimulia dada huku unga unaumuka.

Kuna mji huko Italia, Guastalla, una mtawala kijana. Amemchoka hawara yake, Bibi Orsina. Sasa anamtaka Emilia, na Emilia siku hiyohiyo anaolewa na mwungwana aitwaye Appiani. Mtawala ana mtu wake wa shughuli chafu, Marinelli.

"Kila tajiri ana Marinelli wake," dada akasema. Akamimina duru ya kwanza.

Marinelli anapanga watu wavamie gari la farasi lililobeba maharusi. Appiani anapigwa risasi, anakufa. Emilia anakimbizwa, eti kwa usalama wake, kwenye nyumba ya starehe ya mtawala iliyo palepale karibu. Baba yake anafika. Jina lake Odoardo, kanali, mtu wa msimamo, asiyependa mjini wala kasri. Orsina naye yupo, anawaka kwa wivu. Anamweleza yule mzee kila kitu kisha anamtia jambia mkononi. Sasa tazama hali ilivyo: jambia liko kwa baba, na mtawala yuko chumba cha pili, hana hata habari.

"Amchome!" dada akasema. Mwiko wake umesimama hewani.

Hamchomi. Emilia analetwa, wanaachwa wawili. Anamwomba baba yake ampe hilo jambia. Anasema haogopi mabavu, mabavu kila mtu anaweza kuyakaidi. Nguvu za kweli ni kubembelezwa. Anasema, nami nina damu, baba, damu ya ujana, damu ya moto. Baba anampa jambia kisha anamnyang'anya. Emilia anatafuta pini kichwani mwake ajichome nayo, vidole vinakutana na ua la waridi la harusi. Analinyofoa. Huku akilipukuchua anamwambia mzee kwamba zamani palikuwa na baba aliyemwokoa binti yake na aibu kwa chuma, ila akina baba wa namna hiyo wamekwisha. Na hapo Odoardo anamchoma. Emilia anasema ni waridi lililochumwa kabla dhoruba haijalipukutisha. Mtawala anaingia, anashtuka, anamtupia lawama Marinelli, na pazia linashuka.

Vitumbua saba viliteketea. Dada alivichokoa kimoja kimoja na kijiti, akavitupia kuku. Nilingoja atasema nini juu ya lile jambia, maana mimi miaka yote lile jambia ndilo lililonikaa kooni: silaha imetolewa kwa ajili ya mtu mmoja, ikaingia kwa mwingine. Nilikuwa hata na maelezo yangu tayari. Yeye akauliza kitu kingine kabisa.

"Na mama yake alikuwa wapi?"

Nikasema nadhani hayupo. Nilisema kwa uhakika wa mtu aliyesoma kitabu mara tatu. Usiku nikafungua kitabu kuhakikisha, na nikaona haya. Yupo! Anaitwa Claudia. Anafika kwenye ile nyumba kabla ya mumewe. Ndiye wa kwanza kuelewa kilichotokea: anamkabili Marinelli ana kwa ana, anamwita muuaji na kuwadi, anapiga kelele. Marinelli anamwambia akumbuke yuko mahali gani. Yeye anajibu kwamba simba jike aliyeporwa watoto wake hajali anangurumia katika msitu wa nani. Mstari mzima huo niliupita mara tatu bila kuuona.

Kisha baba anafika, na moja ya mambo ya mwanzo anayofanya ni kumwondoa. Anampakia mkewe kwenye gari la Orsina arudi mjini. Jambia linabaki, simba jike anasafirishwa. Halafu ndiyo mauaji yanaweza kutokea.

Asubuhi nikamweleza dada. Akasema, "Ehee." Hilo tu. Lakini swali lake lilikwisha niingia, nikaanza kupita vitabu vyote upya nikitafuta akina mama, kama mtu anayehesabu watoto baada ya boti kuzama.

Miss Sara Sampson, 1755, wa Lessing huyohuyo. Wanasema siku ya kwanza ilipoonyeshwa Frankfurt an der Oder watazamaji walikaa saa tatu na nusu kama sanamu, wakilia. Sara ametoroka na mwanamume, wamejificha kwenye nyumba ya wageni, baba yake mzee anamfuata na barua ya msamaha. Hawara wa zamani wa yule mwanamume anamtilia Sara sumu. Mama? Alikufa siku alipomzaa Sara, na binti anajiita muuaji wa mama yake. Nathan der Weise, 1779, ule mchezo wa Yerusalemu zama za Sultani Salahuddin, ambao wageni wangu wengi wanaujua kwa sababu ya kisa cha pete tatu: Recha hana mama, na hata yule Nathan si baba yake wa damu. (Nathan ndiye baba pekee katika vitabu vyangu ambaye nisingeogopa kumwachia binti. Sijui Lessing alikusudia nilione hilo, lakini nimeliona.) Die Räuber ya Schiller, wale ndugu wawili, Franz na Karl: Franz anamtumia hila ya barua ya uongo baba yao mpaka mzee anamkana Karl, halafu Franz huyohuyo anamfungia mzee mnarani afe njaa. Ukoo mzima huo, kasri zima, mama hayumo.

Nikafika kwa vijana wa miaka ya 1770, wale waliobatizwa Sturm und Drang, yaani Dhoruba na Msukumo, kwa jina la mchezo wa mwenzao Klinger wa 1776. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi. Heinrich Leopold Wagner aliandika mchezo juu ya binti wa muuza nyama wa Strasbourg aitwaye Evchen. Afisa wa jeshi amepanga kwao. Anawachukua Evchen na mama yake kwenye dansi, kisha kwenye nyumba isiyofaa. Mama anapewa kinywaji chenye dawa ya usingizi. Mama analala, mwanawe anaharibiwa chumba cha pili. Baadaye Evchen anamuua mtoto wake mchanga kwa pini. Na Goethe? Gretchen wake katika Faust anapewa na mpenzi wake kichupa cha matone, amnyweshe mama apate kulala fofofo wao wakutane. Mama hakuamka tena. Goethe hakuwa akiota: mjini kwao, Frankfurt, tarehe 14 Januari 1772, mtumishi aitwaye Susanna Margaretha Brandt alikatwa kichwa kwa kumuua mtoto wake mchanga, na Goethe alikuwepo mjini wakati huo, mwanasheria kijana wa miaka 22.

Mama amekufa uzazini, mama amelazwa kwa dawa, mama kapakiwa kwenye gari. Wataalamu wa fasihi wana neno lao, motifu: kitu kinachorudi. Kwa tamthilia hizi wanazitaja motifu nyingi, nazo ni za kweli kabisa, barua, sumu, pete, ndugu wanaochukiana, bwana anayemtaka binti wa mtu wa kawaida. Motifu ya dada yangu sijaona wageni wangu wakiitaja. Pengine ni kwa kuwa ni kitu kisichokuwapo, na kisichokuwapo ni vigumu kukihesabu.

Nisizidishe chumvi. Katika Die Soldaten ya Lenz mama yupo, na katika Die Zwillinge ya Klinger mama yupo tena anasumbuliwa: wana mapacha, na mmoja anamkalia kooni amwambie nani alitangulia kuzaliwa. Mchezo huo ulishindana na wa Leisewitz, Julius von Tarent, mwaka huohuo wa 1776, yote miwili ni ya ndugu anayemuua ndugu, na ukishangaa hayo sikiliza mwisho wake: yote miwili baba ndiye anayemuua kwa mkono wake yule mwana aliyebaki. Kisu cha baba ndani ya nyumba yake. Odoardo tena.

Hapa nirudi kwenye lile jambia langu, maana sijaliacha. Kile kisa ambacho Emilia anamtajia baba yake, cha baba aliyemuua binti kumwepusha na aibu, ni cha Roma ya kale. Binti aliitwa Virginia. Mwenye cheo mmoja alimtaka kwa nguvu, baba akamchoma kisu mbele ya watu, na kwa mujibu wa mwanahistoria Livy, watu wa Roma waliinuka kwa hasira wakauangusha utawala ule. Lessing aliijua hadithi hii vizuri. Mwaka 1758 alimwandikia rafiki yake Nicolai kwamba anaandika Virginia wa watu wa kawaida, na kwamba ameuweka kando upande wote wa siasa za dola. Kifo cha binti kwa mkono wa baba kinatosha chenyewe kutikisa roho. Kwa hiyo alikata maasi. Akabakiza kisu, binti na baba. Watu wa Guastalla hatuwaoni hata mmoja akiinuka. Odoardo analitupa jambia miguuni pa mtawala, anasema anakwenda gerezani mwenyewe, akamsubiri kama hakimu wake, na baadaye atamsubiri mbele ya Hakimu wa wote.

Zamani nilidhani Lessing aliogopa. Sasa nadhani aliona sawasawa. Mkono wa Odoardo ulikuwa na urefu wake, na urefu huo uliishia kwenye ua wa nyumba yake. Alichoweza kukifikia ni binti.

Nani aliniambia hivyo? Schiller, kwa sentensi moja iliyo kwenye mabano. Katika Kabale und Liebe, mchezo wa 1784, kuna mzee Miller, mpiga ala wa mji. Binti yake Luise anapendana na Ferdinand, mwana wa waziri mkubwa. Waziri anaingia nyumbani kwa Miller na watu wake, anamtukana Luise mbele ya baba yake, anamwita malaya. Miller amesimama pembeni. Ndipo Schiller anamwelekeza mwigizaji: anajitokeza huku, kwa zamu, anasaga meno kwa hasira na meno yanagongana kwa hofu. Meno yaleyale! Kisha anafungua kinywa, na kila anapomwambia waziri neno kali anatanguliza au anafuatisha "halten zu Gnaden", ndiyo kusema "kwa hisani yako bwana". Nitakutupa nje ya nyumba yangu, kwa hisani yako bwana.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikaenda kukaa ufukweni.

Baba yetu alikuwa mvuvi. Nyavu hazikuwa zake, mashine ya boti haikuwa yake. Vilikuwa vya tajiri mmoja, na baba akilipa kwa samaki deni ambalo kila msimu lilikuwa limebaki kidogo tu liishe. Mwaka 1988 dada alikuwa na miaka kumi na saba. Tajiri alikuwa na nyumba ya milango ya nakshi, dada alikuwa akipeleka samaki pale. Sihitaji kueleza. Aliposhika mimba ikajulikana, baba alivaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akachukua bakora, akatoka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimfuata nyumanyuma mpaka kona ya msikiti. Alifika kwenye ule mlango akasimama, nadhani kwa muda wa rakaa mbili. Kisha mlango ukafunguliwa, si kwamba alibisha, mtumishi alikuwa anatoka kumwaga maji. Tajiri mwenyewe alikuwa amekaa ukumbini. Baba akamwamkia kwa adabu. Tajiri akauliza kuna nini. Baba akauliza habari za nyavu. Nilisikia kwa masikio yangu mawili: alisema ile kubwa imechanika, atapata lini uzi wa kuishonea?

Akapewa uzi. Alirudi nyumbani na fundo la uzi wa nyavu mkononi, akalitundika ukutani, akashusha kafi.

Mkono wa kushoto wa dada haunyooki mpaka leo. Ndiyo maana mimi ndiye ninayebeba sufuria la unga. Mtoto alizaliwa salama, ni fundi wa magari Dar es Salaam, ana watoto watatu.

Yote haya dada anayajua kuliko mimi. Lakini la mlangoni kwa tajiri, la nyavu, sikuwa nimemwambia. Miaka yote hiyo nilimfichia baba aibu yake. Nilimwambia mwezi huu, baada ya Miller. Nilimsomea ule mstari wa meno, kwanza kwa Kijerumani asikie unavyogongana, kisha kwa Kiswahili, halafu nikamwambia baba alifika mpaka kule akaomba uzi. Dada alisikiliza huku anapaka mafuta kwenye vishimo vya kikaango, kishimo baada ya kishimo, na kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

"Alifika kweli?" akauliza.

"Alifika."

"Mimi nilidhani hakutoka hata nje ya mtaa."

Akamimina. Nikamwambia kwamba mama wa Luise pia anapotea. Anaonekana mwanzoni, mara baba katiwa mnarani, na mama, tunasikia tu kwa mdomo wa Wurm yule karani, kapelekwa jela ya kusokota nyuzi. Hatumwoni tena mpaka mwisho. Luise anakufa kwa sumu kwenye maji ya limau, baba akiwa ametumwa nje kupeleka barua, na hakuna hata neno moja la mama. Nikaendelea na hoja yangu, nilikuwa nimepamba moto, nikasema kwetu nasi ni vilevile, baba alimtuma mama Kaole kwa shangazi jioni ileile, kama Odoardo kabisa, alimwondoa kwanza.

Dada akasema, "Mama hakufika Kaole."

Nikanyamaza.

"Alirudia njiani. Alikuwa nje ya ua. Niliiona kanga yake kwenye mwanya wa makuti, ile ya maua ya mkorosho." Akageuza kitumbua. "Alisimama pale mpaka ikaisha."

"Mbona hakuingia?"

"Muulize huyo Mjerumani wako."

Mama alifariki 2011. Yeye ndiye aliyemfunga dada mkono kwa vibanzi vya mianzi usiku ule, akamlisha uji kwa kijiko mwezi mzima, na hakusema naye habari hiyo hata siku moja, wala na mimi. Niliendelea kupepea. Mkaa ulikuwa umekwisha kukolea, haukuhitaji, lakini niliendelea.

Kwa siku mbili sikuchukua kitabu kwenda barazani. Siku ya tatu dada akaniuliza, je, hakuna hata kimoja ambacho msichana anapona? Nikasema kipo, Minna von Barnhelm, cha 1767, tena ni cha kuchekesha. Hiki Lessing alikiweka Berlin, vita vya miaka saba vimetoka kuisha. Major von Tellheim ameachishwa jeshi, anasingiziwa rushwa, hana senti, mkono umejeruhiwa, na kwa ajili ya heshima yake anaona hafai tena kumwoa mchumba wake Minna. Hamwandikii. Basi Minna anafunga safari mwenyewe kumtafuta. Anafikia nyumba ya wageni ileile bila kujua kwamba mwenye nyumba ndiye aliyetoka kumhamisha Tellheim chumba chake kumpisha yeye. Tellheim amekwisha kuiweka rehani pete ya uchumba kwa huyohuyo mwenye nyumba, ambaye ni mbea wa kupindukia, anamwonyesha Minna hiyo pete. Minna anaikomboa kimya kimya. Kisha anajifanya naye kanyang'anywa urithi na mjomba wake, fukara kama yeye, na Tellheim, aliyekataa kuolewa na tajiri, sasa anambembeleza. Minna anamsumbua na pete mpaka jasho linamtoka.

Nilipotamka "kuolewa" badala ya "kuoa" dada alicheka mpaka akashika ubavu. Sikurekebisha. Kwa kweli katika mchezo ule ndivyo ilivyo.

"Mkono gani ulijeruhiwa?" akauliza.

Nikasema wa kulia.

"Afadhali yake mimi." Akachovya kijiko kwenye unga, akajaza vishimo saba kwa mpigo mmoja, hakuna hata tone lililomwagika. Nje mvua ilikuwa imepungua, wavuvi walikwisha anza kupita na ndoo. "Na huyo Minna mama yake yuko wapi?"

"Hatokei."

"Baba je?"

"Hatokei. Yuko mjomba tu, naye anafika mwishoni kabisa, mambo yamekwisha."

"Ndiyo maana," dada akasema, akanisogezea sahani ya vile vilivyoungua.